Yellowstone: Moto wa Chini na Malisho ya Juu

Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, iliyoko kaskazini-magharibi mwa Marekani, ilianzishwa tarehe 1 Machi 1872, pale Rais Ulysses S. Grant alipotia saini sheria iliyoitenga ardhi hiyo isigawiwe walowezi wala wachimba madini, na kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza duniani. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 9,000, yaani zaidi ya nusu ya Serengeti. Sehemu kubwa imo katika jimbo la Wyoming, na vipande vidogo vimeingia Montana na Idaho. Kila mwaka hupokea wageni zaidi ya milioni 4, karibu wote wakiwa ndani ya magari, na wengi wao hufuata mambo mawili, ambayo ni maji moto yanayoruka kutoka ardhini na wanyama wakubwa wa porini. Mambo hayo mawili huelezwa kana kwamba yamekutana mahali pamoja kwa bahati. Msafiri anayeipita barabara ya hifadhi kwa utulivu, akiangalia udongo na majani kama anavyoangalia wanyama, huona kwamba moto ulioko chini ndio uliopanga mahali pa msitu, mahali pa malisho, na hata umri ambao mnyama ataishi.

Barabara yenyewe ina historia ndefu kuliko motokaa. Tangu mwaka 1886 hadi 1918 hifadhi ililindwa na Jeshi la Marekani, na wahandisi wa jeshi ndio waliochonga sehemu kubwa ya njia zinazotumika hadi leo, wakati huo zikipitiwa na magari ya kukokotwa na farasi. Motokaa ziliruhusiwa rasmi mwezi Agosti 1915, na katika muda mfupi farasi wakaachwa. Njia kuu ni mzunguko wa kilomita 229 wenye umbo la tarakimu 8, unaounganishwa na malango matano, na mwendo wa juu unaoruhusiwa mahali pengi ni kilomita 72 kwa saa. Kwa hesabu ya kilomita peke yake mtu angeweza kuumaliza mzunguko huo kwa siku moja, lakini mwenye kufanya hivyo hataona kitu, na hata akitaka kukimbia, wanyama hawatampisha. Kuanzia Novemba hadi Aprili theluji huzifunga barabara zote kwa magari ya kawaida, isipokuwa ile ya kaskazini inayotoka mji mdogo wa Gardiner kuelekea Cooke City.

Asili ya yote hayo ni volkano. Chini ya hifadhi kuna mwamba wenye joto kali ambao umekwisha lipuka kwa nguvu kubwa mara tatu: miaka milioni 2.1 iliyopita, kisha milioni 1.3, na mara ya mwisho miaka kama 640,000 iliyopita. Mlipuko huo wa mwisho ulitoa magma nyingi, yaani mwamba ulioyeyuka, hata paa la ardhi lililobaki juu ya uwazi likaporomoka na kuacha kaldera, ambalo ndilo jina la bonde la duara linalobaki baada ya volkano kubomokea ndani. Ngorongoro nayo ni kaldera, ila kipenyo chake ni kilomita 20 hivi, ilhali ile ya Yellowstone ina urefu wa kilomita kama 70 na upana wa kama 50, kiasi kwamba msafiri aliye ndani yake haoni kuta na anaweza kupita saa nzima bila kujua yuko wapi. Baada ya mlipuko huo, lava nzito iliendelea kutoka kidogo kidogo na kulijaza bonde, na mtiririko wa mwisho ulikoma miaka kama 70,000 iliyopita. Sehemu kubwa ya mwamba wa chini sasa imeganda, lakini joto lake bado lingalipo, na hilo linatosha.

Anayeingia kwa lango la magharibi hufuata mto Madison, kisha mto Firehole, akiwa amezungukwa pande zote na misonobari myembamba iliyonyooka kama nguzo. Huu ni msitu wa aina karibu moja, nao una sababu. Lava iliyoujaza upande huo wa kaldera ni ya aina iitwayo raiolaiti, mwamba wenye silika nyingi, ambayo ni kemikali ile ile iliyomo katika mchanga na kioo. Ukimomonyoka huzaa udongo maskini, wenye chokaa kidogo na usioshika maji, na mmea unaoumudu kuliko mingine ni msonobari huo. Mwaka 1988, wakati wa ukame, moto wa porini uliteketeza au kugusa zaidi ya theluthi moja ya hifadhi, na wengi waliona kwamba Yellowstone imekwisha. Lakini koni nyingi za misonobari hiyo hufungwa kwa utomvu mgumu ambao hauyeyuki mpaka upate joto la moto, kwa hiyo baada ya miali kupita, mbegu zilimwagika juu ya majivu, na msitu unaoonekana leo kando ya barabara ni watoto wa moto huo, wote wa rika moja.

Katika bonde la Firehole ndipo penye mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa gaiza, yaani chemchemi za maji moto ambazo hazitiririki tu bali hurusha maji na mvuke hewani kwa vipindi. Hifadhi nzima ina chemchemi, matundu ya mvuke na madimbwi ya tope linalochemka zaidi ya 10,000, na kati ya hayo gaiza ni zaidi ya 500, idadi inayokadiriwa kufikia nusu ya gaiza zote za dunia. Ili gaiza iwepo, mambo matatu lazima yakutane: maji ya kutosha, ambayo hapa hutokana na theluji na mvua, joto, na mfereji wa ndani wenye mahali pembamba. Jambo hilo la tatu ndilo adimu. Maji yanayoshuka ardhini hukandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, na maji yaliyokandamizwa hayachemki kwa joto la kawaida, bali huendelea kupata moto kupita kiwango hicho yakiwa bado majimaji. Hatimaye viputo vya mvuke hupanda, hukwama penye wembamba, kisha husukuma maji kidogo yakamwagika nje. Mgandamizo hupungua ghafla, na yale maji yaliyokuwa yakisubiri chini hugeuka mvuke kwa pamoja, na kwa kuwa mvuke huhitaji nafasi kubwa mno kuliko maji, kila kilichomo mferejini hurushwa juu.

Gaiza mashuhuri kuliko zote, Old Faithful, hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Watafiti walioteremsha kamera katika mfereji wake waliona kwamba kwenye kina cha mita 7 hivi unabana hadi kufikia upana wa sentimita 10, na maji yote yanayorushwa, ambayo ni lita kati ya 14,000 na 32,000, hupitia kijitundu hicho. Hupanda hadi mita 30, na pengine zaidi ya 50, kwa muda wa dakika moja na nusu hadi tano. Mgeni anayeketi kwenye mabenchi yanayoizunguka hukuta kibao chenye saa ya mruko unaofuata, na saa hiyo haikisiwi ovyo: mruko ukiwa mfupi, mfereji haukumwaga maji mengi, hivyo hujaa upesi na mruko mwingine huja baada ya saa moja na dakika chache; ukiwa mrefu, kungoja huwa dakika 90 au zaidi. Kabla ya kupanda, maji huchungulia mdomoni na kurudi mara kadhaa, wakati mwingine kwa dakika 20, huku umati ukishusha pumzi kila yanapozama. Kisha nguzo nyeupe huinuka kwa sauti ya mvumo, upepo huupeleka mvuke upande mmoja, na matone yanayowafikia watazamaji yamekwisha kupoa. Mahali hapo pako mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 93 badala ya 100.

Gaiza huonekana kuwa kitu cha milele, na dhana hiyo inastahili kusahihishwa. Juu ya kilima cha mawe ya silika kinachouzunguka mdomo wa Old Faithful kumepatikana vipande vya misonobari vilivyogeuka mawe, na vipimo vimeonyesha kwamba miti hiyo iliishi katika karne ya 13 na ya 14. Msonobari hauwezi kuota mahali panapomwagiwa maji yanayochemka kila saa, kwa hiyo ni lazima gaiza hiyo ilinyamaza kwa miongo kadhaa, na wakati wake unalingana na ukame mkali uliolikumba eneo hilo. Tetemeko la ardhi la tarehe 17 Agosti 1959, ambalo kitovu chake kilikuwa nje kidogo ya mpaka wa magharibi na ambalo liliua watu 28, liliamsha mamia ya chemchemi na kubadili ratiba za nyingine. Mkono wa mtu nao una nguvu kama ya tetemeko: katika bonde la Wairakei, New Zealand, gaiza zilikufa baada ya visima vya kuzalisha umeme wa jotoardhi kuchimbwa katika miaka ya 1950. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 kuhusu mvuke wa ardhini ilikataza kukodisha ardhi ya hifadhi za taifa kwa kazi hiyo, na bila katazo la namna hiyo ni vigumu kuamini kwamba Firehole ingebaki ilivyo. Jambo hili si geni katika Bonde la Ufa, kwani Kenya inazalisha umeme huo huko Olkaria, ndani na kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, na gaiza zake zinazojulikana zaidi ziko kwenye Ziwa Bogoria, ambako kupanda kwa maji ya ziwa katika miaka ya karibuni kumezifunika baadhi. Umeme ni haja ya kweli. Lakini gaiza ikishakufa, hakuna fundi wa kuirudisha.

Kilomita chache kaskazini mwa Old Faithful iko Grand Prismatic, dimbwi la maji moto lenye upana wa mita 100 hivi, ambalo katikati ni buluu na kandokando limezungukwa na pete za kijani, njano, rangi ya chungwa na hudhurungi. Buluu ni ya maji yenyewe, ambayo katikati ni moto mno kwa viumbe vingi. Pete nyingine ni makundi ya bakteria, kila kundi likikaa penye kiwango cha joto linachokimudu, hivyo mtu akitembea kwenye njia ya mbao iliyo kando huwa anasoma kipimajoto kwa macho. Katika chemchemi nyingine ya bonde hilo, mwaka 1966, mwanabiolojia Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walikusanya bakteria waliyempa jina Thermus aquaticus, anayeishi penye joto la nyuzi 70 hivi. Baadaye kimeng'enya chake, yaani protini inayoendesha kazi za kikemikali mwilini, kilionekana kustahimili joto linalohitajika katika mbinu ya kunakili vinasaba mamilioni ya mara, ambayo Kary Mullis aliibuni mwaka 1983 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Vipimo vya maabara vilivyotambua virusi vya UVIKO-19, Dar es Salaam na Nairobi kama kwingineko, vilitegemea mbinu hiyo. Hakuna aliyeitenga Yellowstone mwaka 1872 kwa ajili ya bakteria. Na hiyo ni hoja nzito ya kuhifadhi kitu hata kabla faida yake haijajulikana.

Njia za mbao hazikuwekwa kwa urembo. Ukoko wa ardhi kandokando ya chemchemi huweza kuwa mwembamba sana juu ya maji yanayochemka, na zaidi ya watu 20 wamekufa kwa kuungua tangu hifadhi ianze kupokea wageni, wakiwamo walioacha njia kwa hiari yao. Tarehe 23 Julai 2024, katika eneo la Biscuit Basin, maji yaliyogeuka mvuke chini ya dimbwi yalipasua ardhi na kurusha mawe na tope juu ya njia iliyokuwa na watalii, ambao walikimbia bila kuumia. Vyombo vya habari hupenda kuzungumzia mlipuko mkubwa wa volkano utakaoimaliza Marekani, ilhali hatari ambayo mgeni anaweza kukutana nayo ni hii ndogo, ya mvuke, isiyotoa ishara.

Wanyama wa Firehole wanaufahamu moto huo kuliko watu. Wakati wa baridi, halijoto inaposhuka chini sana ya sifuri na theluji kuizidi miguu, baisani na elki hukusanyika penye ardhi yenye joto, ambako theluji huyeyuka na majani huonekana. Baisani ni ng'ombe mwitu wa Amerika mwenye nundu na manyoya mazito, na elki ni mnyama mkubwa wa jamii ya ayala ambaye dume lake huota pembe zenye matawi. Joto hilo linawaokoa, lakini pia linawatoza bei. Majani ya huko yana silika inayokwangua meno, na maji yake yana floridi nyingi, madini ambayo yakizidi hudhoofisha meno na mifupa. Watu wa Arusha na Meru, wanaokunywa maji yaliyopita katika miamba ya volkano, wanayajua meno ya kahawia yanayotokana nayo. Elki wa Firehole meno yao huisha mapema, na mnyama asiyeweza kutafuna haponi majira ya baridi, hivyo umri wao umeonekana kuwa mfupi kuliko wa elki wanaoishi mbali na chemchemi.

Kutoka Old Faithful barabara hupanda hadi kwenye mgongo unaogawa maji ya bara, mita zaidi ya 2,500 juu ya bahari, ambako kiziwa kidogo kiitwacho Isa humwaga maji yake pande mbili, upande mmoja kuelekea Bahari ya Pasifiki na upande wa pili kuelekea Atlantiki. Kisha hushuka kwenye Ziwa Yellowstone na kuufuata ufuko wake kwa muda mrefu, mpaka ghafla msitu unakoma na bonde la Hayden linafunguka, lote likiwa majani na vichaka vya kijivu. Mabadiliko hayo hayasababishwi na hali ya hewa. Zamani bonde hili lilikuwa chini ya maji ya ziwa, na ziwa lilipopungua liliacha udongo laini wa mfinyanzi ambao misonobari haiupendi, lakini nyasi zinaupenda; na penye nyasi ndipo penye baisani. Nyanda za nyasi fupi za kusini-mashariki mwa Serengeti zimetokana na kisa kinachofanana na hicho, kwa kuwa majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro yaliganda chini ya udongo na kuizuia mizizi ya miti, yakawaachia nyumbu uwanja wenye majani yenye madini mengi ya kuzalia ndama.

Katika bonde la Hayden ndipo foleni za magari hutokea, na hakuna askari wa hifadhi awezaye kuziondoa kwa filimbi. Baisani dume hufikia kilo 900, na likiamua kutembea katikati ya lami hutembea kwa mwendo wake, likipita karibu na milango ya magari kiasi kwamba abiria husikia pumzi yake na kuona vumbi la manyoya linavyodondoka mwanzoni mwa kiangazi, wakati koti la baridi linapombanduka vipande vipande. Utulivu huo hudanganya, kwani mnyama huyo hukimbia kilomita 55 kwa saa na hujeruhi wageni wengi kuliko mnyama mwingine yeyote wa hifadhi. Kanuni inataka mtu akae umbali wa mita 23 kutoka kwake, na mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu. Mwaka 1902 baisani wa porini waliobaki Yellowstone walikuwa dazani mbili tu, baada ya mamilioni kuchinjwa katika nyika za Marekani. Leo ni kundi la maelfu, ambalo katika miaka ya karibuni limefikia 5,000 hivi.

Kaskazini mwa Hayden, mto Yellowstone hutumbukia mita 94 katika korongo lenye kuta za njano na nyekundu, rangi zilizoletwa na maji moto yaliyoupika mwamba wa raiolaiti kwa muda mrefu. Barabara ya katikati huenda Norris, eneo lenye joto kuliko yote, lenye gaiza iitwayo Steamboat, ambayo hurusha maji zaidi ya mita 90 lakini haina ratiba: ilinyamaza kwa miaka 50 kuanzia 1911, na mwaka 2019 iliruka mara 48. Mbele yake uko mwamba wa obsidiani, kioo cheusi cha volkano, ambacho wenyeji wa bara hilo walikichonga kuwa mishale na visu kwa zaidi ya miaka 11,000 na kukiuza hadi Ohio, zaidi ya kilomita 2,000 mashariki. Makabila 27 yanahesabu uhusiano na ardhi ya Yellowstone, na baadhi ya Washoshone waliishi ndani yake mwaka mzima. Waliondolewa baada ya 1872, na mwaka 1877 Wanez Perce waliokuwa wakikimbia jeshi walipita katika hifadhi hiyo mpya pamoja na watoto na wazee wao. Historia ya hifadhi isiyotaja hayo ni pungufu, na wafugaji wa Afrika Mashariki waliohamishwa ili kupisha hifadhi watalielewa jambo hili bila maelezo.

Mammoth, kwenye kona ya kaskazini, iko nje ya kaldera. Maji yake hupita katika mawe ya chokaa, kwa hiyo hayajengi vilima vya silika bali ngazi nyeupe za chokaa. Kutoka huko, barabara ya mashariki hufika bonde la Lamar, ambako udongo ulioachwa na barafu na miamba ya volkano za zamani zaidi, isiyo maskini kama raiolaiti, huotesha majani mazuri kuliko yote ya hifadhi. Alfajiri, magari huegeshwa kando na watu husimama nyuma ya darubini zilizowekwa juu ya miguu mitatu, wakizungumza kwa sauti ya chini, wakitafuta mbwa mwitu wa kijivu, ambaye ni mkubwa kuliko mbwa mwitu wa Afrika mwenye mabaka. Serikali ilikuwa imewaangamiza wote kufikia mwaka 1926. Mwaka 1995 na 1996 ikaleta 31 kutoka Kanada, na sasa katika hifadhi wako kama 100. Elki wamepungua tangu wakati huo, na mierebi ya kando ya mito imepata nafuu mahali fulani, ingawa wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani cha nafuu hiyo ni kazi ya mbwa mwitu, na kiasi gani ni cha dubu, wawindaji wa nje na ukame.

Barabara ya kaskazini hutokea Gardiner, chini ya tao la mawe ambalo Rais Theodore Roosevelt aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1903. Mafuriko ya Juni 2022 yaliikata njia hiyo kabisa, ikabidi njia ya zamani ya magari ya farasi ipanuliwe na kutiwa lami. Baisani nao huitumia njia ya kaskazini, kwa kuwa theluji ikizidi hata kichwa chao kizito, wanachokitumia kuisukuma kando, hakifiki tena kwenye majani, nao hushuka kufuata mabonde ya chini yaliyo nje ya mpaka. Wafugaji wa Montana wanawahofia kwa sababu wengi wao wamewahi kuambukizwa ugonjwa wa kutupa mimba, ule ule unaoogopwa katika maboma ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, na kwa hiyo kila baridi kali baadhi hupigwa risasi na wawindaji, na wengine hukamatwa na kupelekwa machinjioni. Tangu mwaka 2019, baisani ambao vipimo vimeonyesha hawana ugonjwa wamekuwa wakisafirishwa kwa malori hadi ardhi ya makabila ya Assiniboine na Sioux huko Fort Peck, na kutoka hapo hugawiwa makabila mengine yanayotaka kuanzisha upya makundi yao.